Ginseng ya Korea: Faida zake mwilini, kiasi cha kutumia na watu wanaopaswa kuiepuka

Jina la ginseng linaonekana kila kona siku hizi. Lipo kwenye vidonge vya duka la dawa, vipakiti vya kahawa, makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu na asali za vipakiti wanazouziwa wanaume. Wauzaji wengine wanadai inatibu kila kitu, kuanzia uchovu mpaka kisukari.

Ukweli ni kwamba mzizi huu umechunguzwa sana na una faida zake, ila nyingi ni ndogo kuliko zinavyotangazwa. Kwa mtu anayetumia dawa za presha, za sukari au za kuzuia damu kuganda, ginseng inaweza kumletea matatizo makubwa. Yafuatayo ni mambo ya kufahamu kabla hujatoa hela yako.

Ginseng ya Korea ni nini hasa?

Ni mmea mdogo unaopenda kivuli, ambao kitaalamu huitwa Panax ginseng. Asili yake ni misitu ya milima yenye baridi ya rasi ya Korea, kaskazini mashariki mwa China na mashariki ya mbali ya Urusi.

Kinachotumika zaidi ni mzizi. Ni mnene, una rangi ya krimu, na mara nyingi hugawanyika ukafanana na mtu mwenye mikono na miguu. Wachina waliuita renshen kwa sababu ya umbo hilo la mtu. Wakorea wanauita insam. Neno Panax limetokana na Kigiriki na maana yake ni tiba ya kila kitu, kwa hiyo sifa kubwa kubwa za ginseng hazikuanza leo.

Korea Kusini, eneo linalojulikana sana kwa kilimo hiki ni Geumsan, katika mkoa wa Chungcheong Kusini. Mwaka 2018 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliuingiza mfumo wa kilimo cha ginseng wa Geumsan katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani.

Kilimo chenyewe kinataka subira. Mmea hauvumilii jua kali, hivyo wakulima hujenga vivuli juu ya matuta. Mzizi huvunwa ukiwa na miaka 4 hadi 6. Baada ya hapo shamba hilo halipandwi ginseng tena kwa miaka mingi, kwa sababu magonjwa ya mizizi hubaki kwenye udongo. Ndiyo maana ginseng halisi siyo ya bei chee. Ukikuta kopo kubwa linauzwa kwa bei ya soda, jiulize ndani kuna nini.

Kwa Wakorea, ginseng ni chakula pia. Siku za joto kali hula samgyetang, supu ya kuku mdogo mzima aliyejazwa wali, kitunguu saumu na mzizi mchanga wa ginseng.

Aina zake: mbichi, nyeupe na nyekundu

Wengi hudhani ginseng nyekundu ni mmea mwingine. Siyo kweli. Ni mzizi uleule, tofauti ni namna ulivyotayarishwa.

- Mbichi (susam): mzizi uliotoka shambani bila kukaushwa. Hauchelewi kuharibika, hivyo ni nadra kuukuta nje ya Asia.
- Nyeupe (baeksam): mzizi uliokaushwa tu, mara nyingi baada ya kumenywa ganda.
- Nyekundu (hongsam): mzizi uliopikwa kwa mvuke kisha ukakaushwa. Mvuke unaugeuza rangi, unaufanya udumu muda mrefu na unabadilisha baadhi ya kemikali zake. Kwa kawaida hutengenezwa kwa mizizi ya miaka 6 na ndiyo yenye bei ya juu.

Usichanganye majina

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Kuna mimea kadhaa inayouzwa kwa jina la ginseng:

- Ginseng ya Marekani (Panax quinquefolius) ni ndugu wa karibu wa ile ya Korea, lakini siyo mmea mmoja.
- Ginseng ya Siberia (Eleutherococcus senticosus) haimo kwenye jamii ya Panax na haina kemikali zilezile.
- Ginseng ya India ni jina la biashara la ashwagandha, mmea tofauti kabisa.

Utafiti uliofanywa kwa mmoja hauwezi kutumika kuuzia mwingine. Mfano mzuri ni utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Marekani, ambao uliwashirikisha wagonjwa wa saratani 364 wenye uchovu mkali. Waliotumia miligramu 2,000 za ginseng kwa siku kwa wiki 8 walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Utafiti huo hutajwa sana kwenye matangazo ya ginseng ya Korea, wakati iliyotumika ilikuwa ya Marekani.

Inafanyaje kazi mwilini?

Kemikali kuu za mzizi huu zinaitwa ginsenosidi. Zipo za aina nyingi, na hata ndani ya mzizi mmoja hazifanyi kazi moja. Baadhi huonekana kuchangamsha mfumo wa fahamu na nyingine kuutuliza.

Nyingi haziingii kwenye damu moja kwa moja. Bakteria wa utumbo huzivunjavunja kwanza, ndipo mwili unazifyonza. Bakteria hao hutofautiana kati ya mtu na mtu, na hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mmoja aisifie ginseng na mwenzake aseme hajaona kitu.

Faida zake, na uzito wa ushahidi

1. Uchovu na mwili kuishiwa nguvu

Hili ndilo tumizi linalokubalika zaidi. Mamlaka ya Dawa ya Ulaya (EMA) imeutambua mzizi wa ginseng kama dawa ya asili ya kupunguza uchovu na udhaifu wa mwili. Ila utambuzi huo unatokana na kutumika kwake kwa miaka mingi, wala siyo tafiti kubwa zilizothibitisha kwamba unafanya kazi.

Kumbuka pia kwamba uchovu ni dalili. Upungufu wa damu, malaria, kisukari, kifua kikuu, matatizo ya tezi ya shingo na msongo wa mawazo vyote huchosha mwili. Ginseng haitibu hata kimoja kati ya hivyo, na inaweza kukuchelewesha kwenda kupima.

2. Nguvu za kiume

Sababu hii ndiyo inayouza ginseng kuliko zote. Mwaka 2021 wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya tafiti 9 zenye jumla ya wanaume 587. Kwenye vipimo vya uwezo wa kusimamisha uume, tofauti kati ya ginseng na vidonge visivyo na dawa ilikuwa ndogo mno. Baadhi ya wanaume walisema uwezo wao wa kufanya tendo uliongezeka, lakini ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa hafifu.

Kwa maneno mengine, huenda ikamsaidia mtu kidogo, lakini haimo kwenye kundi moja na dawa za hospitali.

Kuna jambo la kuzingatia zaidi hapa. Mishipa ya uume ni myembamba, na mara nyingi huanza kuonyesha shida kabla ya mishipa ya moyo. Mwanaume ambaye nguvu zimeanza kupungua anapaswa kupima presha, sukari na mafuta kwenye damu. Kuna wanaoficha tatizo kwa dawa za mtaani miaka na miaka, kumbe kisukari au presha inaendelea kuharibu figo na moyo kimyakimya.

3. Sukari kwenye damu

Baadhi ya tafiti zimeonyesha kwamba ginseng hushusha kidogo sukari inayopimwa kabla ya kula. Kushuka huko hakutoshi kuifanya iwe mbadala wa metformin, insulini au mpangilio wa chakula. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake kwa sababu ya ginseng.

4. Kumbukumbu na akili

Uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2010 haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ginseng inaongeza uwezo wa akili kwa watu wazima wenye afya, wala kwamba inawasaidia wenye ugonjwa wa kusahau. Mwanafunzi anayekesha kwa ajili ya mtihani atafaidika zaidi kwa kulala.

5. Kinga ya mwili

Maabara zimeonyesha kwamba ginsenosidi zinagusa chembechembe za kinga. Kutoka hapo mpaka kusema inakinga mafua au maambukizi mengine bado ni mbali, kwa kuwa tafiti kwa binadamu ni ndogo na hazikubaliani.

Ginseng haitibu saratani, virusi vya UKIMWI, shinikizo la damu wala vidonda vya tumbo. Anayekuahidi hivyo anatafuta hela yako.

Namna sahihi ya kuitumia

Kwa mtu mzima mwenye afya ambaye hatumii dawa yoyote, viwango vinavyotumika sana ni hivi:

- Mzizi mkavu au unga wake: gramu 1 hadi 2 kwa siku. Baadhi ya tafiti za ginseng nyekundu zimefika gramu 3.
- Vidonge vyenye kimiminiko kilichokamuliwa na kukaushwa: miligramu 200 hadi 400 kwa siku. Hivi vina nguvu kuliko unga wa kawaida, hivyo gramu zake hazilingani na za unga. Fuata maelezo ya pakiti.
- Chai: chemsha vipande vya mzizi mkavu vyenye uzito wa gramu 1 hadi 2 kwa moto mdogo, chuja, kisha kunywa.

Mambo mengine ya kuzingatia:

1. Tumia asubuhi. Ukinywa jioni unaweza kukosa usingizi.
2. Kunywa pamoja na chakula, hasa kama una kisukari au tumbo linalosumbua.
3. Anza na kiasi kidogo siku chache za mwanzo uone mwili unavyopokea.
4. Usizidishe miezi 3 mfululizo bila ushauri wa daktari. Ndicho kikomo kinachotajwa na mamlaka ya Ulaya.
5. Kama uchovu haujapungua baada ya wiki 2, nenda hospitali ukapime.
6. Usichanganye na kahawa nyingi au vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini ikiungana na ginseng inaweza kuongeza mapigo ya moyo, wasiwasi na kukosa usingizi.

Madhara yanayoweza kutokea

Ikitumika kwa kiasi na kwa muda mfupi, watu wengi hawapati tatizo kubwa. Linaloripotiwa sana ni kukosa usingizi. Mengine ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kuharisha, moyo kwenda mbio, wasiwasi, na presha kupanda au kushuka. Baadhi ya wanawake wamepata maumivu ya matiti na kutokwa na damu ukeni nje ya siku zao.

Ukivimba uso au midomo, ukipata vipele vya ghafla au kushindwa kupumua vizuri, huo ni mzio. Kimbia hospitali mara moja.

Nani asitumie kabisa, au aulize kwanza?

- Wajawazito. Ginsenosidi mojawapo ilisababisha kasoro kwa viinitete vya panya maabara. Usalama wake kwa mtoto wa binadamu aliye tumboni haujathibitishwa.
- Wanaonyonyesha, kwa sababu hiyohiyo ya usalama kutothibitishwa.
- Watoto na vijana chini ya miaka 18.
- Wenye presha isiyodhibitiwa au mapigo ya moyo yasiyo sawa.
- Wenye saratani zinazochochewa na homoni, kama baadhi ya saratani za matiti, kwa kuwa ginseng inaweza kufanya kazi kama homoni ya kike.
- Wenye magonjwa ya kinga kushambulia mwili na waliopandikizwa kiungo. Kuchokoza kinga kunaweza kupingana na dawa zao.
- Wanaosubiri upasuaji. Acha angalau siku 7 kabla, na madaktari wengine hutaka wiki 2. Ginseng inaweza kugusa ugandaji wa damu na kiwango cha sukari.

Dawa ambazo hazipatani na ginseng

Sehemu hii isomwe kwa makini na yeyote mwenye dawa za kila siku.

Warfarin. Hii ni dawa ya kuzuia damu kuganda, na wengi wanaoitumia wana valvu bandia ya moyo au wamewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa. Mwaka 1997 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa valvu bandia ambaye kipimo chake cha INR kilishuka kutoka 3.1 hadi 1.5 baada ya kuanza ginseng. Maana yake dawa ilikuwa haimlindi tena vya kutosha. Alipoacha, kipimo kilirudi juu. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, lakini kwa mgonjwa wa valvu hilo siyo la kujaribu.

Dawa za kisukari. Zikiungana na ginseng, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Dalili ni kutetemeka, jasho jingi, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa.

Dawa za presha. Ginseng inaweza kuvuruga kipimo ambacho daktari ametumia miezi kukiweka sawa.

Dawa za VVU na za saratani. Ini ndilo linalovunjavunja dawa nyingi, na ginseng inaweza kubadilisha kasi ya kazi hiyo. Kuna mgonjwa aliyekuwa akitumia imatinib kwa miaka kadhaa bila shida, ini lake likaumia baada ya kuanza kunywa vinywaji vyenye ginseng kila siku. Kuna ripoti nyingine ya mtu aliyeumia ini alipotumia ginseng pamoja na raltegravir, dawa ya VVU. Anayetumia ARV amwambie mhudumu wa kliniki kabla hajaanza ginseng.

Baadhi ya dawa za sonona. Dawa za kundi la phenelzine zikichanganywa na ginseng zimewahi kuleta maumivu ya kichwa, kutetemeka na msisimko uliopitiliza.

Hatari iliyojificha: ginseng iliyowekwa dawa ya hospitali

Mara nyingine hatari kubwa haimo kwenye mzizi, imo kwenye kile ambacho mtengenezaji ameongeza bila kukiandika.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) imeonya mara nyingi kuhusu bidhaa za nguvu za kiume zinazouzwa kama za asili huku zikiwa na sildenafil au tadalafil, yaani dawa zilizomo kwenye Viagra na Cialis. Mwaka 2022 ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza bidhaa za asali zenye dawa hizo ndani.

Kwa nini ni hatari? Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuwa na dawa za nitrati, zikiwemo zile za kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Nitrati ikikutana na sildenafil, presha hushuka ghafla, na mtu anaweza kuzimia au kufa. Yeye anaamini amekula asali na mizizi tu, na hata daktari hatajua kilichomwangusha.

Namna ya kutilia shaka ni rahisi. Tafiti za ginseng hupima matokeo baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida kuanzia 4 na kuendelea. Bidhaa inayofanya kazi ndani ya saa moja, ikakuletea kichwa kuuma, uso kuwa wa moto na pua kuziba, kuna uwezekano mkubwa imechanganywa na dawa. Acha kuitumia.

Kabla hujanunua, angalia haya

1. Jina la mmea liandikwe kamili: Panax ginseng. Neno ginseng peke yake halitoshi.
2. Kiasi kiandikwe kwa miligramu, na ikiwezekana asilimia ya ginsenosidi.
3. Jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi vionekane.
4. Nunua kwenye duka la dawa lililosajiliwa, siyo kwa mchuuzi wa kwenye basi au akaunti ya mtandaoni isiyojulikana ilipo.
5. Kimbia bidhaa inayoahidi kutibu magonjwa 10 kwa mpigo.

Maswali yanayoulizwa sana

Je, kahawa na vinywaji vyenye ginseng vina faida? Mara nyingi ginseng iliyomo ni kidogo. Kinachokuchangamsha ni kafeini na sukari.

Mwanamke anaweza kutumia? Ndiyo, kama hana ujauzito, hanyonyeshi na hayumo kwenye makundi yaliyotajwa hapo juu.

Mzizi mkubwa una nguvu zaidi? Ukubwa hauelezi kila kitu. Umri wa mzizi, namna ulivyotayarishwa na kiasi cha ginsenosidi ndivyo vyenye maana.

Naweza kutumia pamoja na pombe? Ni bora usichanganye, hasa kama unatumia dawa nyingine au una shida ya ini.

Ukipata tatizo, fanya hivi

Acha kutumia, chukua pakiti yenyewe uende nayo hospitali. Usione aibu kusema ulikuwa ukiitumia kwa ajili ya nguvu za kiume. Mhudumu akijua, ataepuka kukupa dawa inayoweza kukudhuru zaidi.

Madhara ya dawa huripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) nchini Tanzania, na kwa Bodi ya Famasia na Sumu nchini Kenya. Mhudumu wa afya au mfamasia anaweza kukusaidia kutoa taarifa hiyo, na inaweza kumwokoa mwingine aliyenunua bidhaa kama yako.